KALAMU YA MWALIMU NYERERE: TUISOME KABLA YA KUISIFU

Kanisa likitaka kujua kama Mkristu aliyekwisha kufariki astahili kutangazwa Mwenye Heri, haliwasikilizi mashahidi waliomjua peke yao. Huyakusanya pia maandiko yake, likawapa watu wenye elimu ya dini wayasome, wapate kusema kama yanapatana na imani na mwenendo mwema. Ndivyo ilivyo kwa Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania. Habari zake zilianza kuchunguzwa katika Jimbo la Musoma miaka ya 2005 na 2006, naye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu.

Basi, ndugu wasomaji, ikiwa wenye elimu wayasoma maandiko yake ili wamjue, je, sisi tulio watu wa nchi yake twaweza kumhukumu bila kuyasoma? Hapa Olbalbal jina la Mwalimu latajwa sana penye mikutano. Mtu akitaka kumaliza shauri husema, "Mwalimu alisema," na wenziwe hunyamaza. Mwingine akitaka kulivunja shauri hilo hilo huutaja mwaka 1974, watu walipotolewa katika Kreta ya Ngorongoro, kisha husema, "Huyo ndiye Mwalimu wenu." Mara nyingi hao wawili hawakupata kufungua kitabu chake hata kimoja. Mmoja amsifu asiyemjua, na mwingine amlaumu asiyemjua.

Katika makala hii sitaki kumsifu wala kumshtaki. Nataka tuitazame kalamu yake, maana alikuwa mtu wa siasa aliyeandika sana, tena alikuwa Mkatoliki mlei, asiyekuwa padre wala bruda. Nami nasema neno moja: kipimo cha kumpimia Nyerere aliyetawala kimo katika maandiko ya Nyerere aliyeandika. Hatuna haja ya kukitafuta kwingine.

MAISHA YAKE KWA UFUPI

Alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe. Alikuwa amekwisha kuwa mvulana mkubwa alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kutoka huko alikwenda shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, akaimaliza mwaka 1942. Alibatizwa katika misioni ya Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 21. Jambo hilo lafaa kukumbukwa: hakuipokea dini akiwa mtoto mchanga mikononi mwa mama yake, bali aliitaka mwenyewe kwa akili ya mtu mzima.

Alisomea ualimu Makerere mpaka mwaka 1945. Alipokuwa huko aliandika insha juu ya hali ya wanawake katika kabila lake, akitumia mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill kuwapima Wazanaki. Hiyo ni dalili ya kwanza ya mwandishi: aliyapokea maneno ya mgeni, lakini aliyatumia kuwachunguza watu wa nyumbani kwao, wala hakuogopa kuiona ila ya jamaa zake. Kisha alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, Tabora, tangu mwaka 1946 hata 1949, akaenda Edinburgh kusoma, akarudi mwaka 1952, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel Magige, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa mkuu wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuka kuwa TANU.

Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya Tanganyika. Aliporudi ilimlazimu kuchagua kazi moja, ualimu au siasa. Aliacha ualimu, na mshahara wake akauacha pamoja nao. Hapo tuangalie vema, kwa kuwa wengi hulipita jambo hili. Mtu huyo aliyekosa mshahara alirudi kwao Musoma, akamfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll, tena akazifasiri Enjili na Nyaraka zisomwazo katika Misa kwa Kizanaki. Kabla ya kupata kutawala nchi, alikaa mezani akitafuta neno la Kizanaki litakalochukua neno la Bwana.

Tangu hapo mambo yake yajulikana: uhuru tarehe 9 Desemba 1961, urais tangu Desemba 1962, Muungano mwaka 1964, Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, na kustaafu urais mwaka 1985. Alikufa London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Lakini mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, aliirudia kazi ya mwaka 1955: alitoa Enjili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili. Basi maisha ya mwandishi huyu yamekaa kati ya tafsiri mbili za Neno la Mungu, na siasa yake yote i katikati.

UZURI WA MANENO YAKE YA SIASA

Maandiko yake ya siasa yana sifa moja kubwa, nayo ni kwamba yaeleweka. Wako wakubwa wanaoandika ili waonekane wakubwa. Neno moja jepesi hulivika nguo saba. Nyerere aliandika kama mwalimu aliyesimama mbele ya ubao. Hutaja jambo, huuliza swali ambalo mwanafunzi angeliuliza, hulijibu, kisha husonga mbele hatua moja. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 hakuuweka msingi wa ujamaa katika viwanda vya Ulaya wala katika vita vya matajiri na maskini. Aliuweka katika jamaa, yaani baba, mama, watoto na ndugu. Mtu asiyejua Kiingereza hata herufi moja aweza kumfuata.

Sifa ya pili ni ujasiri. Mwaka 1958 aliandika katika gazeti la chama chake, Sauti ya TANU, maneno ya kuwalaumu watawala wawili wa wilaya. Alishtakiwa, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita, akalipa. Aliyaandika maneno hayo kwa jina lake, wala hakujificha nyuma ya mtu mwingine.

Sifa ya tatu naiona kuwa kubwa kupita hizo mbili, nayo imo katika kijitabu kidogo cha mwaka 1962 kiitwacho Tujisahihishe. Humo aliwageukia wanachama wenzake, siyo Waingereza, akawaonyesha makosa yao: ubinafsi, majungu, uvivu wa kufikiri, na desturi ya kulipima neno kwa kumtazama msemaji wake badala ya kulitazama neno lenyewe. Mkristu akikisoma kijitabu hicho ataitambua mara moja desturi ya kupeleleza dhamiri kabla ya kuungama. Kiongozi ambaye chama chake kimeshinda juzi, na watu wangali wakipiga ngoma, kuandika kitabu cha makosa ya washindi ni jambo lisiloonekana mara nyingi, Afrika wala Ulaya.

Desturi hiyo hakuiacha. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, aliandika wazi kwamba nchi haijawa ya ujamaa wala haijaweza kujitegemea. Baadaye alikiri kwamba kuzivunja Serikali za Mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976 kulikuwa ni kosa. Katika kitabu cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichotoka mwaka 1994, aliwakemea viongozi wa chama chake mwenyewe kwa majina na kwa vyeo vyao.

MAHALI NENO NA TENDO VILIPOACHANA

Sasa tufike penye ugumu, maana mhakiki anayetaja uzuri peke yake ni sawa na mwalimu anayempa kila mtoto alama zote.

Neno moja la Kiswahili lafaa kuchunguzwa katika maandiko yake, nalo ni hiari. Katika Ujamaa Vijijini, Septemba 1967, alifundisha kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa kulazimisha watu. Lazima watu wenyewe wakitake, na kazi ya kiongozi ni kueleza na kuonyesha mfano. Mwaka uliofuata, katika maandiko yake juu ya uhuru na maendeleo, alikaza neno hilo hilo: watu hawaendelezwi na mtu mwingine kama mizigo, bali hujiendeleza wao wenyewe kwa akili na kwa kushauriana. Sijui maneno ya kiongozi wa Afrika yaliyo mazuri kupita hayo katika jambo hilo.

Lakini Novemba 1973 ilitoka amri kwamba kabla ya mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kukaa vijijini. Mwenyewe alitenga mambo mawili: kulima pamoja kubaki kuwa hiari, lakini kukaa kijijini kuwa lazima. Ni kweli kwamba shule, visima na zahanati haviwezi kupelekwa kwa kila nyumba iliyo peke yake porini. Hoja hiyo ina nguvu, na watoto wengi walipata kusoma kwa sababu yake. Hata hivyo mahali pengi watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba nyingine zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Katika maandiko ya mwaka 1977 twasoma hesabu: watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Hesabu hiyo ni kubwa. Walakini mwandishi aliyeweka msingi wake katika jamaa, yaani baba, mama na watoto, hapo amekuwa mwandishi wa jumla. Sauti ya mtu mmoja aliyeiacha nyumba yake haisikiki katika hesabu ya milioni.

Kwetu sisi wa nyanda za Ngorongoro liko jambo jingine tena. Katika kijitabu cha Ujamaa alitumia methali ya Waswahili ya mgeni apewaye jembe siku ya tatu. Methali hiyo ni nzuri, nayo yakemea uvivu. Lakini tazama chombo chenyewe. Jembe lilikuwa kipimo cha mtu wa kazi, nalo likaingia hata katika bendera ya chama. Azimio la Arusha laitaja mifugo, wala si haki kusema kwamba limeisahau. Lakini mtu anayesimama katikati ya maandiko hayo yote ni mkulima. Mchungaji wa ng'ombe, anayehama na mvua kwa sababu nyasi zahama, na asiyeweza kukaa mahali pamoja mwaka mzima bila kuwaua ng'ombe wake, hana pa kusimama humo. Wala si kwamba mwandishi hakumjua mchungaji; aliishi karibu naye katika mkoa wake wa Mara. Ila kipimo kilichokatwa kwa mkono wa mkulima hakikumtosha mfugaji, kama viatu vya mtu mwingine.

Tena tuone jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1959, kabla ya uhuru, Serikali ya Waingereza ilitenga hifadhi ya Ngorongoro, mbali na Serengeti, ili wafugaji na wanyama wa porini wakae pamoja. Septemba 1961 Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alitoa tamko la Arusha juu ya wanyama na misitu, akaahidi mbele ya mataifa kwamba nchi yake itavilinda kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 1972 nchi nzima iliambiwa kutoka Iringa kwamba siasa ni kilimo. Mwaka 1974 watu waliokaa ndani ya Kreta walitolewa, na mwaka 1975 sheria ilikataza kulima katika hifadhi yote. Basi mahali pote palihimizwa jembe, na hapa kwetu jembe likakatazwa. Nayo fimbo ya mchungaji ikapunguziwa malisho. Mtu wa Olbalbal aliyesoma vijitabu vyote viwili angeliuliza, "Je, mimi nimo katika kitabu gani?"

Swali hilo lingalipo. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi za tarafa ya Ngorongoro zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni, kwa mpango ambao Serikali yauita wa hiari, na wengine wengi wamebisha kwamba hiari hiyo si hiari. Mimi sihukumu shauri hilo katika makala ya vitabu. Nasema tu kwamba neno linalogombaniwa ni lile lile la mwaka 1967, na kwamba anayetaka kujua maana yake aweza kuisoma kwa Mwalimu mwenyewe: kueleza, kuonyesha mfano, na kumngoja mtu akubali.

TAFSIRI ZAKE MBILI ZA SHAKESPEARE

Mwaka 1963 alipiga chapa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma, akaisahihisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Yafaa tustaajabu kidogo. Rais mpya, aliyeshika nchi mwaka mmoja tu, aitwaye Julius, awafasiria raia zake kisa cha mtawala Julius aliyeuawa na rafiki zake kwa hofu kwamba atajifanya mfalme! Tena mwaka 1962 Bunge lake lilikuwa limepitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kupelekwa mahakamani. Mtawala mwoga angelificha mchezo huo. Huyu aliuweka mikononi mwa wanafunzi. Kiswahili cha tafsiri hiyo kina uzito na utulivu. Mwandishi amejitahidi kufuata mashairi yasiyo na vina kama ya Mwingereza, naye ameonyesha kwamba lugha yetu yaweza kuchukua hotuba ya Bruto na ya Antonio bila kupinda mgongo.

Tafsiri ya pili ni Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969. Hapa sina budi kumpinga. Kwa Kiingereza jina la mchezo lamtaja mfanyabiashara mmoja, yaani Antonio. Nyerere ameandika mabepari, wengi, na kwa neno ambalo miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lilikuwa jina la adui. Maana yake ni kwamba Antonio na Shailoki wametiwa katika zizi moja kabla pazia halijafunguliwa. Faida iko: msomaji aanza kuuliza kama tajiri mpole na tajiri mkali hawali katika sahani moja. Lakini hasara ni kubwa kuliko faida. Antonio ndiye aliyejitoa kuwa mdhamini wa rafiki yake, akaweka rehani nyama ya mwili wake mwenyewe. Jina la kitabu lamhukumu mtu huyo kabla hajasema neno. Katika Juliasi Kaizari mfasiri alimwacha Shakespeare aseme, hata kama maneno yaweza kumchoma mfasiri. Katika Mabepari wa Venisi mtu wa siasa ameishika kalamu, akamwambia mwandishi asogee.

TENZI ZA ENJILI

Kazi yake ya mwisho ndiyo isomwayo kidogo na Wakatoliki wenzake, nami naiona kuwa kazi ifaayo kufikiriwa kuliko nyingine. Wabenedikti wa Ndanda na Peramiho walizipiga chapa tenzi hizo mwaka 1996: Mateo, Marko, Luka, Yohana, na Matendo ya Mitume, kila kimoja kitabu chake.

Utenzi ni chombo cha kale cha watu wa pwani. Kila ubeti una mistari minne, kila mstari una mizani nane, mistari mitatu hulingana vina, na wa nne hubeba kina kimoja kinachorudi kutoka ubeti hata ubeti mpaka mwisho. Waislamu wa Lamu, Pate na Mombasa walitumia chombo hicho kusimulia habari za mitume na vita, na kuwaonya watoto wao, kama Mwana Kupona alivyomwonya binti yake mwaka 1858. Nyerere alikichukua chombo hicho cha jirani zake Waislamu akamwimbia humo Kristu. Sioni dharau katika jambo hilo, bali heshima. Ni kama mtu aliyeazima mtungi mzuri wa jirani akautekea maji ya kisima chake.

Faida yake kwetu ni kubwa. Wako wazee wengi, akina mama hasa, wasiojua kusoma, lakini wakisikia wimbo mara mbili wameushika. Neno lenye vina halipotei upesi. Mtu aweza kuchunga ng'ombe siku nzima huku akiikariri sura moja ya Luka, wala hahitaji kitabu.

Lakini mizani nane ni mlango mwembamba. Nitatoa mfano wangu mwenyewe, usiotoka katika kitabu chake. Tukitaka kusimulia habari za mwana mpotevu, maneno "kijana aliyerudi" yana mizani nane, yaingia bila taabu. Lakini "baba alimkimbilia" yana mizani tisa. Mtunzi atafanyaje? Ataandika "baba kamkimbilia," naye amepata nane. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo la kawaida. Kwa mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili shuleni, kitenzi hicho chaonekana kimekatwa mguu. Jambo kama hilo likirudi katika beti mamia, msomaji wa huku kwetu huchoka, au hudhani kwamba amekosa maana. Tena mapigo ya utenzi ni yale yale, penye arusi ya Kana na penye Kalvari. Katika Enjili yenyewe kuna mahali maneno yanakuwa mafupi kwa sababu huzuni ni kubwa. Utenzi hauwezi kunyamaza, maana ubeti lazima utimie. Hiyo ni ila ya chombo kuliko ya fundi, ila fundi ndiye aliyekichagua.

Hata hivyo, nasema kwamba katika tenzi hizo mwandishi alifanya jambo ambalo siasa haikumruhusu. Katika vijitabu vyake yeye ndiye aliyeamua jambo la kusema. Katika Enjili alikuwa mtumishi wa neno la mwingine. Hakuweza kuiacha sura isiyompendeza, wala kubadili jina la kitabu. Miaka yote alikuwa ameandika juu ya jembe; sasa ilimpasa kutunga sura ya kumi ya Yohana, ambamo Bwana hajiiti mkulima bali mchungaji, anayewajua kondoo wake kwa majina, wala hawafukuzi kwa fimbo kutoka nyuma bali hutangulia mbele, nao humfuata kwa sababu waijua sauti yake.

Tena alipotunga Matendo ya Mitume ilimlazimu kupita katika sura ya nne na ya tano. Sura ya nne yaeleza jinsi Wakristu wa kwanza walivyokuwa na mali shirika, asiwepo mwenye kuhitaji kati yao. Mtu wa ujamaa hupenda kukomea hapo. Lakini mara baada yake chafuata kisa cha Anania na Safira, waliouza shamba wakaficha sehemu ya fedha. Petro hakumlaumu Anania kwa kuwa na shamba. Alimwambia kwamba shamba lilikuwa lake, na fedha yake ilikuwa katika uwezo wake, aliyemlazimisha hakuwako. Kosa lake ni uongo, siyo kumiliki. Yaani ushirika wa Mitume wenyewe, uliokuwa mtakatifu, ulikuwa wa hiari, na aliyesema hivyo ni Petro.

Sisemi kwamba Nyerere alikuwa akiungama alipotunga beti hizo. Atungaye kitabu chote hana budi kuipitia sura hiyo. Nasema kwamba mkono ule ule ulioandika mwaka 1967 kwamba watu wasilazimishwe, na uliotoa amri mwaka 1973, ndio huo ulioyahesabu tena maneno ya Petro mzani kwa mzani na kuyapiga chapa mwaka 1996. Msomaji akiviweka vitabu hivyo vitatu pamoja juu ya meza moja, hataona haja ya shahidi wa nne.

YATUPASA KUFANYA NINI

Wengine watasema, "Kumchunguza hivyo mtu anayefikiriwa kuwa mtakatifu ni kukosa adabu." Mimi naona kinyume chake. Kanisa lenyewe ndilo linalochunguza kwanza. Watakatifu si watu wasiokosa. Ni watu waliokubali kusahihishwa, na Petro wa Matendo ndiye yule yule aliyemkana Bwana mara tatu. Tena Nyerere alitufundisha kwamba neno lipimwe kwa uzito wake, siyo kwa cheo cha msemaji. Anayekataa kulipima neno la Nyerere kwa sababu ni la Nyerere, amekwisha kuivunja sheria ya Nyerere.

Na wengine watasema, "Watu walihamishwa, basi vitabu vyake tuvitupe." Huyo naye ajidhuru nafsi yake. Akivitupa vitabu hivyo, ametupa silaha nzuri kuliko zote za kudai haki ya mtu mdogo, zilizoandikwa na mtu mkubwa kwa lugha ambayo kila karani wa kijiji aielewa.

Basi shauri langu ni dogo. Vijana waliosoma watafute Tujisahihishe na Ujamaa Vijijini, wavisome kwa sauti penye mkutano, na mzee asiyejua kusoma aulize maswali. Katekista achukue Luka ya utenzi na Luka ya Biblia, awasomee watu kisa kimoja katika vyote viwili, nao waseme ni kipi kilichowagusa, na kwa sababu gani. Na siku mtu atakaposimama na kusema, "Mwalimu alisema," tumwulize kwa heshima: alisema katika kitabu gani, mwaka gani, na je, lilitendeka kama alivyosema? Akiweza kujibu, tumsikilize. Asipoweza, aketi, tuendelee na shauri letu.